Nani Bingwa wa Majaribio ya Korona?

1. Kasi kuliko wote: siku 9
Jaribio la dawa kwa kawaida husubiri miezi kadhaa kabla ya kuanza. RECOVERY, la Chuo Kikuu cha Oxford chini ya Peter Horby na Martin Landray, liliandikisha mgonjwa wa kwanza Machi 2020, siku 9 tu tangu rasimu ya mpango wake iandikwe.

2. Umati: zaidi ya 47,000
RECOVERY tena! Wagonjwa wake wangejaza robo tatu ya Uwanja wa Benjamin Mkapa na ziada ikabaki. Tena hawakuchaguliwa kwa sura: kompyuta iliwapigia kura, nani apewe dawa, nani aendelee na matibabu ya kawaida. Juni 2020 jibu likapatikana. Deksamethasoni, dawa ya bei ya chini inayojulikana tangu miaka ya 1950, ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kombe langu linakwenda hapo.

3. Bendera nyingi: nchi 35
Solidarity, la Shirika la Afya Duniani, lilihusisha hospitali 454. Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima ina nchi 8!

4. Dogo lenye kelele: wagonjwa 36
Basi la mkoani lisingejaa. Machi 2020, watafiti wa Marseille, Ufaransa, waliisifia haidroksiklorokwini kwa wagonjwa 20 walioinywa na 16 wasioinywa, bila kura yoyote. Waliokunywa walianza wakiwa 26. Sita wakaondolewa kwenye hesabu, watatu kati yao wamepelekwa chumba cha wagonjwa mahututi na mmoja amefariki. Ukiwatoa walioshindwa, nani hashindi? Dunia ikakimbilia dawa hiyo. RECOVERY ilipoipima kwa watu zaidi ya 4,700, walifariki asilimia 27 ya walioipata na asilimia 25 ya wasioipata. Makala ya Marseille ilifutwa rasmi mwaka 2024.

5. Uwanja mgumu kuliko vyote: Kivu Kaskazini
Huyu si mshindani wa Korona, ila simwachi nje. Jaribio la PALM lilipima dawa nne za Ebola kuanzia Novemba 2018, katikati ya vita. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Wagonjwa 681 walipigiwa kura hata hivyo. Kwa dawa ya ZMapp, nusu walifariki. Kwa mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, walifariki asilimia 35.