Kwa nini alama ya kurudi nyuma hukwama ukiwa mtandaoni

Unabonyeza alama ya kurudi nyuma. Ukurasa unastuka kidogo, kisha unabaki palepale. Unabonyeza tena, mara ya pili, mara ya tatu, na mega zinaendelea kuisha. Wa kwanza kulaumiwa huwa ni simu, halafu kampuni ya mtandao. Lakini mara nyingi kosa liko kwenye tovuti yenyewe, na wakati mwingine si kosa bali ni mtego uliotegwa kusudi.

Ili kuelewa, inafaa kujua alama ile inafanya kazi gani. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa kama vile Chrome, Firefox au Safari, huandika orodha ya kurasa ulizopita. Kila dirisha lina orodha yake. Ukibonyeza nyuma, kivinjari hakijiulizi unataka kwenda wapi: kinasogea hatua moja tu kwenye orodha hiyo. Kwa Chrome na Firefox, orodha ya dirisha moja huishia kurasa 50, na zile za zamani zaidi hufutwa. Kwa hiyo kitufe chenyewe hakiharibiki. Kinachovurugika ni orodha.

Uvurugaji wa kawaida kabisa ni ule wa kuelekezwa kwingine. Tuseme unatoka kwenye matokeo ya Google, unagusa kiungo, ukurasa mmoja unafunguka, na baada ya sekunde chache unakupeleka wenyewe kwenye ukurasa mwingine. Kurasa zote mbili zimeingia kwenye orodha. Ukirudi nyuma unafika kwenye ule wa katikati, nao unakusukuma tena mbele, kama mlinzi wa geti anayekurudisha barabarani kila unapojaribu kupita. Kama seva ndiyo ingekuelekeza kabla ukurasa haujafunguka, ule wa katikati usingeandikwa popote na ungerudi bila shida. Tofauti hiyo ndogo inategemea uangalifu wa fundi aliyejenga tovuti. Kubonyeza mara mbili kwa haraka, kabla ukurasa wa katikati haujaamka, mara nyingi kunasaidia.

Mtego wenyewe ni jambo jingine. Tangu miaka ya 2010 na 2011, vivinjari vimezipa kurasa ruhusa ya kujiandikia mambo kwenye orodha ile. Sababu ilikuwa nzuri: kuna tovuti, kama zile za barua pepe, ramani na mitandao ya kijamii, zinazobadilisha kinachoonekana kwenye kioo bila kufungua ukurasa mpya. Bila ruhusa hiyo, mtu anayesoma ujumbe mmoja kati ya mingi angebonyeza nyuma na kutupwa nje ya tovuti nzima.

Lakini ruhusa ileile ilipewa waaminifu na wadanganyifu kwa pamoja. Tovuti inayotaka kukuzuia inaandika ukurasa wake mara kumi kwenye orodha, nawe unabonyeza mara kumi bila kutoka. Nyingine inachomeka ukurasa wa matangazo ambao hujawahi kuufungua, ili ukidhani unarudi ulikotoka, uangukie hapo. Tovuti za aina hii hulipwa kwa matangazo yanayoonekana, na kila mguso wako wa kutaka kutoka ni tangazo jingine.

Wezi wa mtandaoni nao wanaijua mbinu hiyo. Ni kurasa zile zinazosema simu yako ina virusi, au umeshinda zawadi, bonyeza hapa kabla muda haujaisha. Kioo kikikataa kurudi, mtu anaanza kuamini kwamba kweli kuna tatizo kubwa, na hapo ndipo anapoombwa namba ya siri au kupakua programu asiyoijua. Ukurasa wa kawaida wa intaneti hauna uwezo wa kukagua simu na kuona virusi ndani yake. Kufunga dirisha lile kunatosha.

Mwaka 2019 Chrome ilianza kuruka kurasa zilizojichomeka kwenye orodha bila mtumiaji kugusa chochote. Ulinzi huo una mwanya: ukishagusa ukurasa, hata kwa kufunga tangazo, kivinjari kinaweza kuhesabu kwamba umeutumia kwa hiari yako.

Kuna pia hali ambayo haina ubaya wowote. Kiungo kinafunguka katika dirisha jipya, na dirisha jipya huzaliwa bila historia. Alama ya kurudi inaonekana imefifia na haisogei. Ukurasa wako wa zamani haujapotea, uko kwenye dirisha la nyuma. Ni hivyo pia kwa viungo vinavyofunguka ndani ya Facebook: hicho ni kivinjari kingine kidogo, chenye orodha yake.

Hasara kubwa zaidi huja kwenye fomu. Mzazi anayelipia masomo ya mtoto kwa pesa ya simu, au kijana anayejiandikisha kwenye shindano la kazi, anajaza fomu, anatuma, mtandao unachelewa, naye anarudi nyuma na kujaribu tena. Kivinjari kinamuuliza kama kitume upya maelezo yaleyale. Watu hujibu ndiyo bila kusoma. Tovuti iliyojengwa vizuri hulijua hilo: ikishapokea fomu humpeleka mtu kwenye ukurasa mwingine wa risiti, na akirudi hakuna kinachotumwa mara ya pili. Ile iliyojengwa ovyo inaweza kuandika malipo mawili. Kabla ya kulipa tena, ni heri kusubiri ujumbe wa kampuni ya simu na kuangalia salio, hata kama kioo kinasema malipo hayakupita.

Hata kurudi kwenye ukurasa uliokwisha kuusoma kunaweza kula mega. Firefox ilianza mwaka 2005 kuhifadhi ukurasa mzima ili usipakuliwe upya ukirudi. Chrome ya simu za Android ilifikia hapo mwaka 2020 tu. Na bado tovuti fulani, za benki hasa, hukataza kuhifadhiwa kwa sababu za usalama.

Malalamiko haya si ya leo. Utafiti uliotolewa mwaka 1997 nchini Kanada na Linda Tauscher na Saul Greenberg ulionyesha kwamba asilimia 58 ya kurasa zilizofunguliwa zilikuwa zimekwisha kufunguliwa na mtu yuleyule, na kwamba kurudi nyuma kulichukua takriban asilimia 30 ya hatua zote. Miaka miwili baadaye, mtaalamu Jakob Nielsen, mzaliwa wa Denmark, aliweka kuvunja kitufe hicho kwenye orodha yake ya makosa mapya ya wajenzi wa tovuti. Tangu hapo, mbinu za kukivunja zimeongezeka.

Anayekwama leo ana njia moja ambayo wengi hawaijui. Kwenye kompyuta, au kwenye Safari ya iPhone, ukishikilia alama ya kurudi bila kuachia kidole, orodha inajitokeza, nawe unachagua ukurasa unaoutaka na kuruka ile ya mtego. Kwenye simu nyingi za Android zenye vitufe vitatu chini ya kioo, Chrome inakubali jambo hilohilo. Ikishindikana, funga dirisha.

Na kwa anayejenga tovuti ya shule, ya radio au ya duka hapa nchini, kuna jaribio la dakika moja. Aingie kwa kupitia Google kwenye simu ya bei ndogo, aguse viungo vitatu, kisha abonyeze nyuma mara nne. Asipojikuta tena kwenye Google, wageni wake nao hawafiki.