Maumivu ya Kiuno Hayaponi kwa Kulala

Mkulima aliyeinamia jembe tangu alfajiri, na karani aliyekaa kitini tangu saa mbili, jioni hulalamikia jambo moja: kiuno. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu hayo, na mara nyingi daktari hawezi kuonyesha mfupa wala msuli mmoja uliodhurika.

Zamani mgonjwa aliamriwa kulala siku nyingi juu ya kitanda kigumu. Shauri hilo liliwadhuru wengi, kwani misuli isiyotumiwa hulegea. Siku hizi madaktari husema mtu atembee, ijapokuwa polepole, na kazi aiongeze kidogo kidogo. Kuumia kidogo wakati wa kutembea si dalili kwamba mgongo unaharibika, nalo hili ndilo gumu kuaminiwa. Mwenye kupalilia na abadili kazi kabla kiuno hakijakaza. Karani naye asingoje chakula cha mchana ndipo ainuke. Mikanda ya kufunga kiuno, ambayo wengi huitumainia, Shirika la Afya Duniani liliikataa mwaka 2023 kwa maumivu yaliyodumu zaidi ya miezi mitatu.

Lakini miguu ikilegea, ganzi ikishika mapaja kwa ndani, au mkojo ukizuilika au ukitoka wenyewe, mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile. Tena maumivu yenye homa, jasho la usiku na kukonda yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kina dawa, bali kikicheleweshwa huacha kibiongo.