Runinga Mbovu na Waranti: Haki ya Mnunuzi, Amana ya Pande Mbili

Maneno "mali ikiuzwa hairudishwi" tumeyazoea kiasi cha kuyadhania kuwa ni sheria. Yamebandikwa ukutani madukani, yamepigwa chapa chini ya risiti, na mara nyingi hutosha kumrudisha mtu nyumbani na runinga yake mbovu, ilhali karatasi ya waranti ya mwaka mzima anayo mkononi.

Nasi tulifikwa na hali hiyo. Runinga tuliyoinunua kwa fedha za kudunduliza, ilipofika wiki ya tatu, ilibaki na sauti bila picha. Dukani tukaambiwa kuwa umeme wa nyumbani ndio ulioiunguza, kabla hata haijafunguliwa. Hatukugombana. Tulirudi na risiti, kadi ya waranti na video tuliyoichukua kwa simu siku ile ile, tukaomba fundi wao aifungue mbele yetu. Akakuta taa za nyuma ya kioo ndizo zilizokufa, wala hapakuwa na alama ya kuungua. Baada ya safari nne, tukapewa nyingine.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Wanavyuoni wa fiqhi wameliwekea mlango wake katika biashara, nao ni hiyari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwamo kabla hajakabidhiwa mali, ana haki ya kuirudisha au kuridhika nayo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yenye wafuasi wengi mwambao wetu, haki hiyo hutakiwa itumike bila kuchelewa. Anayeendelea kuitumia mali baada ya kuijua aibu yake huhesabiwa kuwa ameridhika. Waranti nayo ni ahadi ya ziada, na aya ya kwanza ya Suratul Maidah inatuamrisha kutimiza mikataba.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya udanganyifu wa wauzaji, na Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa sheria hiyo hupokea malalamiko ya wanunuzi. Tangazo la ukutani haliwezi kuwa juu ya sheria.

Hata hivyo, haki huhitaji ushahidi. Tunazinasihi familia zifanye haya:

Runinga iwashwe na kujaribiwa dukani kabla ya kulipiwa: picha, sauti, rimoti na matundu ya nyaya. Kadi ya waranti ijazwe tarehe na namba ya runinga yenyewe, kisha igongwe muhuri. Risiti ipigwe picha, kwani maandishi ya karatasi za mashine hufifia. Boksi litunzwe. Kasoro ikitokea, runinga izimwe na duka liarifiwe siku hiyo hiyo. Fundi wa mtaani asiifungue, maana akiifungua muuzaji hupata sababu ya kuikana waranti. Ikipokewa kwa matengenezo, daini maandishi yenye tarehe.

Limebaki moja, nalo ndilo zito. Waranti hubeba kasoro ya kiwandani. Haibebi kioo kilichopasuliwa na mpira wa mtoto, wala maji yaliyomwagika. Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni na kukuta unyevu chini yake, alimkemea muuzaji aliyeuficha. Mnunuzi anayefuta alama za maji, akapangusa kioo na kwenda dukani akiapa kuwa "imejizima yenyewe," naye ameficha unyevu wake. Watoto wetu walioiona runinga ikianguka watatusikia tukisimulia namna ilivyoharibika, na watajua kama tumesema kweli.