Sare ya Harusi Ndiyo Mtihani wa Batiki Yako

Batiki inanasa watu haraka. Mtu anahudhuria mafunzo ya siku chache, anarudi nyumbani na kitambaa alichokitia rangi kwa mikono yake, anashonesha gauni, na akilivaa kazini au kanisani anaulizwa amelitoa wapi. Wiki haijaisha ana oda tatu. Kwa vipande vitatu hana la kuhofia: kila mteja atafurahi kwamba chake hakifanani na cha mwenzake. Biashara inaanza pale kamati ya harusi inapobisha hodi na kusema, tumeipenda ile ya kijani, tunaitaka ile ile, tuko watu 20, na sherehe ni mwezi ujao.

Ninaowafundisha huwa nawasihi waitazame oda ya namna hiyo kwa makini kabla hawajashangilia. Wateja wa uhakika wa batiki hapa kwetu wananunua sare: harusi, kwaya, vikoba, maadhimisho ya tarehe 8 Machi. Na watu 20 wakisimama pamoja kupiga picha, aliyevaa kijani kilichofifia anaonekana kabla ya maharusi.

Kwa nini rangi inabadilika wakati fundi ni yule yule na ndoo ni ile ile? Rangi nyingi tunazotumia haziyeyuki kwenye maji peke yake. Zinahitaji kostiki soda na unga wa haidrosalfaiti, ambao huiondolea rangi oksijeni ili iyeyuke na kupenya kwenye nyuzi za pamba. Ukikitoa kitambaa na kukianika, hewa inairudishia rangi oksijeni, nayo inaganda ndani ya uzi. Ndiyo maana kitambaa hutoka kwenye beseni kikiwa na rangi moja, kisha kinageuka mbele ya macho yako. Sasa, haidrosalfaiti inaharibika taratibu ikipata hewa na unyevu. Pakiti iliyofunguliwa mwezi uliopita na kufungwa kwa fundo la mfuko haina nguvu sawa na pakiti mpya, hata ukiipima kwa kijiko kile kile. Ihifadhi kwenye chombo kikavu kinachobana, na uandike tarehe ya kukifungua.

Kijiko chenyewe nacho ni tatizo. Kijiko cha kujaza na kijiko cha kufuta havina uzito mmoja. Nunua mizani ndogo ya jikoni, pima kitambaa kikiwa kikavu, kisha pima rangi kwa asilimia ya uzito huo. Kama uliamua asilimia 3, kilo 4 za kitambaa zinataka gramu 120 za rangi, leo na mwakani. Usivichovye vipande kimoja kimoja kwenye beseni moja mpaka vyote 20 viishe, kwa sababu vya mwanzo vinakunywa rangi na vya mwisho vinaambulia mabaki. Vigawe katika mafungu yenye uzito sawa, kila fungu na rangi yake mpya iliyopimwa. Kitambaa cha oda nzima kitoke kwenye robota moja, na kiwe pamba tupu. Polista haishiki rangi hizi. Kila ukimaliza, kata ukanda mdogo, ubandike kwenye daftari pamoja na vipimo vyake. Daftari hilo lina thamani kuliko sufuria zako zote.

Nta ina sharti lake. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, kwa hiyo maji ya rangi yakiwa ya moto sana, maua uliyoyapiga kwa sponji yanalainika na mistari inapoteza ukali. Yeyusha rangi kwenye maji ya moto kwenye chombo kidogo, kisha uimimine kwenye beseni la maji yaliyopoa. Nta yenyewe iyeyushie kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji. Ikishika moto, funika kwa mfuniko na uzime jiko. Ukiimwagia maji, moto utaruka. Na kostiki soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe usifanye kinyume, ukiwa na glavu na watoto wakiwa mbali. Sufuria za aluminiamu zisikaribie kazi hii, na chombo cha rangi kisirudi jikoni.

Tuje kwenye bei, mahali ambapo mafundi wazuri wanafilisika kimyakimya. Tuchukue mfano wa vipande 10 vya mita 3. Weka bei za mtaani kwako. Kitambaa mita 30 kwa shilingi 4,000 ni 120,000. Rangi na dawa 35,000, nta 20,000, mkaa na maji 10,000, nauli 10,000, mifuko na lebo 5,000. Hapo ni 200,000, na wengi wanaishia hapo, wanagawanya kwa 10, wanapata 20,000, wanauza 25,000 na kuamini wamepata faida ya 5,000 kwa kipande.

Bado hawajajilipa. Siku mbili za kazi kwa 15,000 kila siku ni 30,000, jumla 230,000. Na kipande kimoja kikitoka na doa, unagawanya kwa 9. Gharama ya kila kipande inafika karibu 25,600. Yule anayeuza 25,000 amefanya kazi siku mbili, na kila anapouza anajikata hela kidogo kwenye ujira wake. Ukitaka kuviweka dukani kwa mtu, naye ana haki ya sehemu yake, kwa hiyo bei ya rejareja lazima ibebe wote wawili, na wewe usiuze nyumbani chini ya bei ya duka hilo.

Ndugu na marafiki watataka bei ya undugu. Mpe zawadi unayempenda, iandike kama zawadi, lakini bei ibaki moja.

Kuhusu makaratasi: jina la biashara linasajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi inatolewa TRA bila malipo, leseni ni halmashauri. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ndiyo mlango wa kwanza wa mafunzo na ushauri kwa viwanda vidogo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri imetengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Iombe ukiwa na daftari la oda mkononi.

Na ile kamati ya harusi? Chukua angalau nusu ya fedha kabla ya kununua kitambaa, kwa sababu rangi waliyoichagua wao huenda isimpendeze mwingine. Tengeneza sampuli, ikauke, ifuliwe na kupigwa pasi, ndipo wanakamati waipitishe wakiiona juani. Nusu ya sampuli hiyo wabaki nayo wao, nusu wewe. Kisha tia rangi vipande viwili zaidi ya idadi, maana siku mbili kabla ya sherehe atatokea shangazi kutoka mkoani ambaye hakuhesabiwa, na yeye ana haki ya kuvaa kijani kile kile walichovaa wenzake.