Neno 'plumber' lina herufi isiyosikika, na onyo kwa kila mzazi

Jioni, mtoto wa darasa la tano amekaa mezani na daftari lake. Mwalimu ameagiza waandike kazi kumi kwa Kiingereza. Mwalimu, dereva na daktari amewamaliza bila shida. Akifika kwa fundi bomba anaandika neno kama anavyolisikia, 'plamer'. Mama anasahihisha kwamba ni 'plumber', lina herufi b katikati.

"Mbona hiyo b haisomeki?" mtoto anauliza.

Wazazi wengi hujibu kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo, mambo yakaishia hapo. Lakini swali la mtoto lina jibu, na jibu lenyewe linaanzia kwenye madini ambayo hadi leo yanaweza kumdhuru akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Fundi wa risasi

Herufi hiyo ilitoka kwa Warumi. Kwa Kilatini, lugha ya Roma ya kale, madini ya risasi yaliitwa 'plumbum'. Ndiyo maana hata leo mwanafunzi wa kemia anafundishwa kwamba alama ya risasi ni Pb. Kwa hiyo 'plumber' hapo mwanzo hakuwa fundi wa maji. Alikuwa fundi wa risasi.

Neno lilipita kwanza katika Kifaransa kabla ya kuingia Uingereza, na njiani ile b ikadondoka katika matamshi. Baadaye wasomi waliopenda Kilatini wakairudisha katika maandishi ili asili ya neno ionekane. Midomo ya watu haikuwafuata. Ndiyo maana mtoto anaiona lakini haisikii.

Kwa nini risasi? Ni madini laini, yanayeyuka kwa joto la nyuzi 327 tu, wakati chuma kinahitaji zaidi ya nyuzi 1,500. Haishiki kutu kama chuma, na bati lake linakunjika kirahisi. Mafundi wa Roma walilikunja bati la risasi likawa bomba, wakaziba mshono, maji yakapita. Katika mji wa Bath nchini Uingereza, bwawa kubwa la kuogea lililojengwa na Warumi bado lina mabati ya risasi chini yake hadi leo.

Baada ya Warumi, mafundi wa risasi wa Ulaya waliezeka makanisa, walitengeneza mifereji ya mvua na kuunganisha vioo vya madirisha. Chama chao mjini London kilipewa hati ya kifalme na Mfalme James wa Kwanza mwaka 1611. Kadiri miji ilivyoingiza maji majumbani, kazi ya mabomba ikawa kubwa kuliko nyingine zote, na jina likabaki huko. Risasi ikaondoka katika kazi, jina halikuondoka.

Ndugu zake neno

Neno hilo lina ndugu wengi kwenye ujenzi. Fundi mwashi akitaka kujua kama ukuta umesimama wima, hushusha timazi, yaani kamba yenye kizito nchani. Kwa Kiingereza timazi huitwa 'plumb line', kwa sababu kizito hicho kilikuwa kipande cha risasi. Ukuta ulionyooka nao husemwa ni 'plumb'. Wafaransa walisema 'à plomb', kwa kufuata timazi, na Waingereza wakalichukua kuwa 'aplomb', maana yake utulivu wa mtu asiyeyumba mbele za watu. Hata 'plunge', kutumbukia, ni wa ukoo huo huo: ni kitu kuzama kama risasi iliyotupwa majini.

Kiswahili kilipita njia nyingine. Neno bomba tulilipata kwa Wareno, na kwao ni pampu. Kwa hiyo fundi bomba wetu hana risasi katika jina lake. Risasi yenyewe ni neno la Kiarabu, na kwetu limebeba maana mbili, madini na kitu kinachotoka kwenye bunduki, kwa kuwa kile cha pili kilitengenezwa kwa yale ya kwanza. Kwa hiyo mtoto akiambiwa kuna risasi kwenye rangi ya ukuta, usishangae akienda kutafuta tundu.

Halafu kuna 'risasi ya penseli', ambayo si risasi kabisa. Wazungu wa karne ya 16 walipoyapata yale madini meusi walidhani ni aina ya risasi, na jina likaganda. Ni kaboni, ndugu wa makaa. Mtoto akitafuna ncha ya penseli, hiyo siyo hatari inayozungumzwa hapa.

Onyo la miaka elfu mbili

Vitruvius, msanifu majengo wa Roma aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliandika kwamba maji ya bomba la udongo ni salama kuliko ya bomba la risasi. Ushahidi wake ulikuwa rahisi. Aliwatazama mafundi wanaoyeyusha risasi, akaona wamepauka.

Mwaka 1786, Mmarekani Benjamin Franklin alimwandikia rafiki yake barua akieleza jinsi risasi ilivyowaumiza wachapaji na mafundi wengine. Alisikitika kwamba jambo la kweli na lenye faida linaweza kujulikana muda mrefu sana kabla watu hawajalifuata.

Hakukosea. Risasi iliwekwa kwenye petroli tangu miaka ya 1920. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa kufikia mwanzo wa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha kuiuza kwa magari mwaka 2021. Mjini Flint, Marekani, chanzo cha maji kilibadilishwa mwaka 2014 bila maji hayo kuwekewa dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe. Risasi ya mabomba ya zamani ikaingia kwenye glasi za watoto.

Nigeria ilipata pigo kubwa zaidi. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, mamia ya watoto walikufa baada ya mawe ya dhahabu yenye risasi kusagwa majumbani. Nyumbani kwetu kuna Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Mama mmoja, Phyllis Omido, alianza kupambana baada ya mwanawe kuugua na vipimo kuonyesha risasi katika damu yake. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kwa nini watoto

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo huweza kufyonza mara nne hadi tano ya kile anachofyonza mtu mzima kutoka kwenye kiasi kile kile alichomeza. Isitoshe, yeye ndiye anayetambaa sakafuni na kutia vidole mdomoni.

Risasi huharibu ubongo unaokua. Mtoto anaweza kupungua uwezo wa kujifunza, akakosa utulivu, akaonekana mtundu au mzito darasani, na asiwe na homa wala kidonda cha kuonyesha. Ikizidi sana huleta degedege na hata kifo. Hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi, na mama akipata ujauzito inaweza kutoka humo ikamfikia mtoto tumboni. Kipimo cha damu ndicho kinachoitambua.

Mahali pa kuangalia nyumbani

Rangi. Kenya na Tanzania zimeweka kikomo cha risasi kwenye rangi kuwa sehemu 90 katika kila sehemu milioni. Unaponunua, uliza duka rangi isiyo na risasi na usome kopo. Rangi ya zamani inayobanduka ni hatari zaidi. Fundi akiikwangua ikiwa kavu, vumbi lake husambaa nyumba nzima. Mwambie ailoweshe kwanza, watoto wakae kwa jirani, na sakafu ipigwe deki kwa maji badala ya kufagiliwa.

Maji. Mabomba mengi ya siku hizi ni ya plastiki, lakini viungio vya zamani na baadhi ya koki za shaba huweza kuwa na risasi. Maji yaliyolala kwenye bomba usiku kucha yafungulie ndoo, uyatumie kupigia deki au kuchotea chooni. Ya kupikia na kunywa yachote baadaye. Kumbuka pia kwamba kuchemsha kunaua vijidudu tu. Risasi haichemki ikaondoka, bali maji yanapopungua yenyewe inabaki na kuongezeka nguvu.

Sufuria. Uchunguzi uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika umekuta risasi kwenye baadhi ya sufuria zinazofuliwa kwa vyuma chakavu. Hasa usizitumie kupikia au kuhifadhi vitu vichachu kama ndimu, ukwaju na nyanya.

Wanja. Baadhi ya wanja wa unga hutengenezwa kwa mawe yenye risasi. Kichanga hana haja ya kupakwa machoni.

Betri. Baba anayefanya kazi ya betri za magari, kuchomelea au kuyeyusha vyuma avue nguo za kazi na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

Kunawa mikono kabla ya kula husaidia sana. Chakula nacho husaidia. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalisi hufyonza risasi zaidi, hivyo dagaa, maharage, mboga za majani na maziwa ni kinga iliyo jikoni tayari. Ukiwa na shaka, mweleze daktari nyumba ilivyo na kazi mnazofanya, kisha uulize kuhusu kipimo cha damu.

Kwa hiyo leo jioni mtoto akiuliza tena kwa nini 'plumber' ina b isiyosikika, mwambie ni alama ya risasi waliyoiacha Warumi. Kisha mwende pamoja mkaangalie rangi ya dirisha lililo karibu na kitanda chake.