Mustang mbili, bei mbali: karatasi za gari zilivyogeuka mali

GARI likikaa miaka mingi bila kutembea, wengi hulihesabu kuwa chuma chakavu cha kuuzwa kwa kilo. Wengine hulipeleka gereji likapigwe rangi mpya ili lipate mteja. Historia ya Mustang mbili za Marekani inaonyesha kuwa njia zote mbili zinaweza kumtia mwenye mali hasara, iwapo hajajua kwanza anamiliki nini.

Mwaka 1968 kampuni ya Warner Bros ilitumia magari mawili ya kasi aina ya Ford Mustang GT, yote ya kijani, katika filamu ya Bullitt iliyochezwa na Steve McQueen. Namba zao za chasi zilifuatana: moja iliishia na 558, nyingine 559. Filamu hiyo ilivuma kwa magari kufukuzana katika vilima vya jiji la San Francisco. Gari la 558 ndilo lililorushwa na kugongeshwa, wakati la 559 lilitumika zaidi kumpiga picha McQueen akiwa kwenye usukani.

Mikono lililopita

Baada ya filamu, gari la 559 liliuzwa kwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, kisha likanunuliwa na askari mpelelezi. Mwaka 1974 lilitangazwa katika jarida la Road & Track kwa dola 6,000, likachukuliwa na familia moja ya New Jersey. Mama wa familia hiyo, ambaye alikuwa mwalimu, alilitumia kwenda shuleni kama gari la kawaida.

Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliwaandikia barua. Alitaka kulinunua tena, na alikuwa tayari kumtafutia mwenye gari Mustang nyingine inayofanana nalo. Familia haikuuza. Lakini barua ile haikutupwa.

Mwaka 1980 klachi iliharibika na gari likaegeshwa. Familia ilipohamia jimbo la Tennessee, gari nalo likahamishwa. Mwaka 2001 baba na mwanawe walianza kulitengeneza, lakini ugonjwa wa baba ukasimamisha kazi. Baba alifariki dunia mwaka 2014, mwana akaendelea.

Ukarabati wake ulikuwa wa hesabu. Kilichoshughulikiwa ni injini na mitambo ili gari litembee. Rangi iliyochakaa, kutu, mabonyeo na alama za vyuma vilivyoshikilia kamera viliachwa vilevile, kwa kuwa ndivyo vilivyothibitisha kuwa gari ni lenyewe. Januari 2018 lilionyeshwa Detroit, na Januari 2020 likauzwa kwa mnada huko Kissimmee, Florida, kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada ya mnada.

Pacha wake nusura akatwe

Gari la 558 lilipelekwa kwenye vyuma chakavu baada ya kuumia. Likaja kuonekana Baja California, Mexico, likiwa gofu lililopakwa rangi nyeupe. Walionunua gofu hilo walikusudia kuligeuza liwe nakala ya Mustang ya filamu nyingine.

Kabla ya kazi kuendelea, namba ya chasi ilipelekwa kwa mtaalamu mwenye kumbukumbu za uzalishaji wa Ford. Mwaka 2017 ikathibitishwa kuwa ndilo gari la Bullitt lililodhaniwa limepotea. Matundu kwenye buti na sehemu za shokapu zilizoimarishwa kwa ajili ya kuruka vililingana na kazi ya filamu. Kama bodi ingekatwa kwanza, ushahidi huo ungekwenda na vipande.

Wewe unapata nini?

Tusidanganyane. Pikapu ya kubebea nyanya haitapata mamilioni kwa sababu tu ni kuukuu. Bei ya Mustang hiyo ilitokana na filamu. Aidha, gari lililoegeshwa halileti kipato, na mkulima anahitaji chombo kinachofanya kazi.

Hata hivyo, trekta, pikapu au mashine ya kusaga ikifika sokoni, mnunuzi huuliza yaleyale: ni ya nani, ilitoka wapi, na nini kimebadilishwa? Mwenye majibu kwenye karatasi hana haja ya kushusha bei ili aaminiwe.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, linganisha namba ya chasi na ya injini na zile zilizo kwenye kadi. Andikishianeni hati ya mauziano na ubadilishe jina mapema, maana muuzaji akifariki au akihama utahangaika. Tunza risiti za vipuri na za fundi katika bahasha moja. Fedha ikiwa haba, anza na injini, breki na gia, rangi itasubiri. Na usiruhusu fundi akate au afute namba yoyote kabla hujajua inasema nini.