Kikohozi Hupenda Chumba Kilichofungwa

Hapa Katumba Songwe mvua tunaijua, theluji hatuijui. Lakini yaliyowapata watu wa theluji wakati wa korona yanatuhusu, sisi tunaofunga madirisha kila masika.

Mwezi Machi 2020, wageni waliokwenda Ischgl, kijiji cha milimani huko Austria, walirudi makwao na UVIKO-19 na kuusambaza nchi nyingi za Ulaya. Walikwenda kuteleza kwenye theluji, wamefunga mbao ndefu miguuni. Lawama kubwa haikuangukia mlima waliokoshinda mchana. Iliangukia baa za jioni, watu wamebanana humo, wanaimba na kupaza sauti. Ugonjwa huo husafiri kwa pumzi, na katika chumba kilichofungwa pumzi ya mmoja huvutwa na wote.

Majira ya baridi yaliyofuata, Ufaransa ilifunga mitambo ya kupandisha watu milimani. Wengi wakachukua mbao nyembamba za kutembelea tambarare, au wakapanda mlima kwa miguu yao wenyewe. (Huko mbali nako kuna hatari yake: maporomoko ya theluji huua, kama Mto Songwe uliofurika.) Mchezo huo hufanya kazi mwili mzima, mikono, miguu na moyo. Mkenya Philip Boit alishindana kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, wa 92, siku ya mvua na theluji iliyolowa, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mimi huyo wa mwisho ndiye ninayempenda.

Kina mama huniuliza: "Sista, nikimtoa mtoto nje kwenye baridi si atapata mafua?" Mafua huletwa na virusi, na virusi hutoka kwa mtu. Siku za mvua tunakaa wote chumba kimoja, dirisha limezibwa na gunia, moshi wa kuni umejaa, na babu anayekohoa amelala na wajukuu. Hapo ndipo kikohozi hupata watu. Kifua kikuu nacho hupitia njia hiyohiyo.

Mtoto mchanga mfunikeni vizuri, kichwa na miguu, lakini dirisha libaki wazi. Mnaogopa mbu, nami nawaogopa: basi wekeni wavu dirishani na chandarua chenye dawa kitandani. Mvua ikikatika, babu akae barazani apigwe na hewa, na wageni wamsalimie hapohapo. Mwenye nguvu atembee au aendeshe baiskeli hadi kwenye mpunga wake.

Na babu huyo, kikohozi kikifika wiki mbili, msimfiche chumba cha ndani. Mleteni apimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, na watoto waliolala naye waje pia wachunguzwe.